Boila Imekufa, na Ukuta wa Igoki Umepoa

Sisi tuliokua tukisukumana kwa mabega kupata nafasi karibu na mafiga, nyinyi wenzangu wa wakati ule ambao bado mko, hebu mnisikilize, kwa sababu nimechanganyikiwa na sioni aibu kusema. Nimeambiwa nichague. Wanangu wamesema, "Mama, ni wewe utachagua, nyumba ni yako." Mzazi akiambiwa hivyo ajue kila mtoto ameshachagua chake, wanangoja tu kidole cha mama kiangukie upande gani.

Kinachochaguliwa ni boila. Ile yetu ya kuni, ambayo marehemu baba yao Nyaga aliileta kwa pikapu ya kukodi huku amekaa nyuma akiikumbatia kama bibi harusi, imekufa. Kwa wale ambao hawajaiona, ni kama pipa refu la chuma lililosimamishwa nyuma ya jikoni, likashikana na ukuta. Chini lina mlango mdogo wa kutia kuni, katikati ndipo maji yanakaa, na juu limetoa chimni ya moshi. Unawasha vijiti vichache alfajiri, na kabla chai haijachemka maji ya moto yanatoka kwenye mfereji wa bafuni. Huku kwetu juu ya Runyenjes, karibu na msitu, mwezi wa saba ukungu unaingia mpaka ndani ya kikombe. Hiyo boila haikuwa ya kujivunia. Ilikuwa ya kutufikisha mwezi wa tisa tukiwa hai.

Basi asubuhi moja, mvua ndefu zikielekea kuisha, nikasikia moto ukilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikafungua ule mlango mdogo, nikaona maji yanadondoka juu ya kuni, na moto unakufa nikiuangalia. Nikaita fundi Kinyua kutoka Karurumo. Akaigonga na nyundo kidogo tu, kwa heshima, na nyundo ikaingia ndani. Akasema, "Mama Njagi, hapa hakuna chuma cha kuchomelea. Kilichosimama hapa ni rangi."

Sasa kabla sijawaambia shida yenyewe iko wapi, lazima nirudi nyuma, kwa sababu shida yenyewe ni ya zamani kuliko boila.

Nakumbuka jiko la mama yangu, Marigu, kama ninavyokumbuka uso wake. Mafiga matatu, moja kubwa la kuegemea ukuta ambalo lilikuwa limepasuka kidogo, na ndani ya ule ufa panya mdogo alikuwa anaishi na mama hakumfukuza, alisema na yeye anasikia baridi. Upande wa kulia walikaa mbuzi, upande wa kushoto kitanda cha miti, na sisi wasichana tulilala kati ya mbuzi na moto. Mgongo ulikuwa wa mbuzi na tumbo lilikuwa la moto. Nani siku hizi analala na joto la namna hiyo? Wajukuu wangu wananunuliwa blanketi zenye picha za simba, na bado wanasema "Cucu, huku ni baridi sana," na simba mwenyewe amelala hapo juu yao.

Tulikaa karibu na moto mpaka miguu yetu ikachorwa. Mnakumbuka ile michoro, kahawia na nyeusi, kama wavu umewekwa juu ya ngozi? Mama alikuwa anatuvuta nyuma kwa kola akisema, "Rudini huko. Nani ataoa msichana mwenye miguu ya chui?" Igoki alimjibu siku moja, "Ataoa chui." Alipigwa kwa mwiko, lakini mama aligeuka upande akacheka, mimi nilimwona.

Igoki huyu ni mtoto wa ndugu ya baba yangu. Tulizaliwa boma moja, tukanyonya msimu mmoja, na tukaja kuolewa kijiji kimoja, kijito tu kiko katikati ya nyumba yake na yangu. Wanangu wanamwita Tata Igoki, tata kwetu ni dada ya mama. Mkumbuke hilo jina, kwa maana boila ni yangu, lakini shida ni yake.

Chakula cha jioni kilikuwa githeri, mahindi kwa maharagwe, kesho githeri, na keshokutwa mama alituonea huruma akaiponda na viazi na majani ya malenge ili tufikiri ni kitu kingine. Tukizika nduma kwenye majivu tulilala tukizisikiliza. Ngithi, Kagendo, Muthoni wa Ndwiga, Igoki na mimi tulikuwa tunaweka punje za mahindi juu ya jiwe la moto, kila mmoja ameipa yake jina la mvulana. Ile iliyoruka kwanza, huyo ndiye angekuoa. Yangu ilikuwa na jina la Mbogo wa Ireri. Ilikaa pale kimya mpaka ikaungua. Nikaolewa na Nyaga, ambaye hata hakuwa ameorodheshwa.

Shule nayo ilikuwa baridi. Mimi nilifika darasa la tatu tu, lakini hayo matatu nilitetemeka kikamilifu. Tulikwenda na kijiti cha kuni mkononi, kila mtoto, kwa ajili ya jikoni la walimu. Asiyekuwa na kijiti alisimama nje. Mwalimu Ezekieli alikuwa anaandika ubaoni huku mkono mmoja ameuweka kwapani, kisha anabadilisha, kwa hivyo alijua kuandika kwa mikono yote miwili, na sisi tulidhani ni elimu. Kumbe ilikuwa baridi.

Kuoga kulikuwa mtoni, Jumamosi, na jiwe la kusugulia visigino. Maji yalikuwa yametoka mlimani siku hiyohiyo. Uliingia ukipiga kelele na ukatoka ukiwa huna sauti. Maji ya moto hayakuwa ya kila mtu. Maji ya moto yalikuwa ya mwanamke aliyejifungua na mtoto wake, na ya mgonjwa. Ukiona mvuke unatoka kwa nyumba ya mtu alfajiri, ulijua hapo kuna mtoto mchanga, na hakuna aliyengoja kuambiwa. Ulipika uji, ukaumimina kwenye kibuyu, ukaenda.

Lakini kitu ninachokumbuka kuliko vyote ni kuomba moto.

Jioni mama alifukia makaa kwa majivu, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. Asubuhi alifukua, na makaa yalikuwa bado yako hai, mekundu. Lakini siku nyingine alifukua akakuta yamekufa. Kiberiti hakikuwa kitu cha kuwa nacho kila siku. Basi alinipa kigae, kipande cha chungu kilichovunjika chenye majivu kidogo chini, akaniambia, "Nenda na Igoki kwa Wanjuki. Mwambie moto wetu umezima." Tulikimbia kwenye umande. Wanjuki alituchagulia makaa mazuri, akatuwekea juu kipande cha mavi makavu ya ng'ombe ili yasichoke njiani, nasi tukarudi mbio, mmoja anabeba, mwingine anakinga upepo kwa nguo yake. Mama alikuwa na neno lake moja hapo: "Moto haunyimwi." Hata kama mmekosana. Mwaka ule mbuzi wa Wanjuki alikula maharagwe yetu yote, mama na yeye hawakusalimiana mpaka mavuno, lakini moto ulikwenda na kurudi kila ulipohitajika, bila salamu.

Na Wanjuki naye alikuja kwetu. Alikuja sana. Huyu alikuwa mwanamke asiye na mtoto, mumewe Nthiga alikuwa kazini mbali kwenye mkonge, na nyuma ya nyumba yake kuni zilikuwa zimepangwa mpaka zinagusa paa. Lakini moto wake ulizima kuliko wa mtu yeyote kijijini. Alikuja na kigae, akakaa, wakaongea na mama mpaka jua likachomoza, halafu akachukua makaa yake akaenda. Siku moja nikamwambia mama, "Huyu Wanjuki ni mvivu. Kuni zote zile na moto wake unazima kila siku."

Mama akanifinya sikio. Akasema, "Moto wake haujazima. Ukimwona amekuja na kigae, mpishe akae."

Sikuelewa. Nilifikiri mama amekosea, maana kama moto haujazima mtu anatembea na kigae cha nini? Nililiacha neno hilo hapo, likakaa miaka mingi bila kazi.

Sasa mje kwa boila. Nyaga alipoileta, mimi tayari nilikuwa bibi, Njagi wangu ameshaoa. Alikuwa ameiona mahali alipokuwa akifanya kazi, akasema, "Rwamba, magoti yako hayatasikia tena maji ya baridi." Akaijenga mwenyewe na fundi, ikashikana na ukuta wa mawe wa jikoni. Asubuhi ya kwanza akawasha kuni kwa furaha mpaka mvuke ukatoka kwenye bomba la pumzi lililotokeza juu ya paa kama gari la moshi. Kabla hata sijavaa vizuri nikasikia sauti za wanawake uani. Walikuwa wamekuja na vibuyu vya uji. Wameona mvuke alfajiri, wakasikia kutoka kwa mtoto wa jirani kwamba Mama Njagi anaoga maji ya moto. Walikuwa wamekuja kuona mtoto.

Igoki ndiye alikuwa mbele. Alinitazama juu mpaka chini, mvi zangu na yote, akasema, "Rwamba, nilijua unaficha kitu, lakini hiki umekificha sana."

Tulicheka mpaka uji ukapoa. Wengine walikwenda zao. Igoki akakaa kwenye benchi pale jikoni, akaegemea ukuta, akashtuka, akaugusa tena kwa mgongo. Ule ukuta ulikuwa umeshika joto la boila. Haukuunguza, ulikuwa na joto kama la ng'ombe. Akafumba macho. Akasema, "Kama hakuna mtoto, uji huu nitakunywa mimi." Akaunywa.

Tangu siku hiyo anakuja. Nyaga alikufa, yeye akaja. Mumewe akafa, akaja. Mwanawe Ireri akamjengea nyumba nzuri ya mawe yenye tailisi chini na jiko la gesi la kuzungusha, jikoni la zamani likabomolewa, na Igoki akaendelea kuja. Anafika nikiwa natia kuni, anakaa kwenye benchi, anaweka kiuno chake kwenye ukuta. Tunakunywa chai. Tunataja watu. Mimi nakumbuka majina, yeye anakumbuka walichokosea.

Kwa hivyo boila ilipokufa, wanangu walikutana kwa simu wakaongea kuhusu maji. Mimi nilikuwa nafikiria ukuta, na hakuna aliyeniuliza kuhusu ukuta.

Njagi, wa kwanza, yuko Nairobi. Yeye anataka sola. Wawira ni mwalimu kule Kaaga, Meru, na anataka ile shawa ya stima inayofungwa juu ya kichwa, maji yanaingia baridi yanatoka moto hapo hapo. Mugendi, kitinda mimba, anataka gesi. Anasema ukifungua mfereji moto unajiwasha wenyewe. Nikamwuliza nani anauangalia. Akasema hauhitaji kuangaliwa. Sasa moto usiohitaji kuangaliwa, huo si ndio mama alituonya juu yake? Na ile ya Wawira, stima na maji pamoja juu ya kichwa changu, nikimaliza sala ya kuingia nayo hapo ndani sitakuwa na nguvu ya kujisugua. Lakini pia sikuwa nakataa. Wana sababu. Mwaka jana nilijikata kwenye kidole nikipasua kuni, na mwaka juzi mlango wa boila uliniunguza mkono. Wawira aliona kovu akalia kama ni yeye aliyeungua. Mtoto akilia kwa ajili yako, huwezi kumwambia tu nataka kuni.

Wawira akanipeleka Embu mjini tukaangalie. Dukani kulikuwa na kijana mwenye shati safi sana.

"Cucu, hii ndiyo sola," akasema. "Jua linapiga hii mirija ya kioo, maji yanapata moto, yanapanda yenyewe yanakaa kwenye hili tangi. Hakuna kuni, hakuna moshi."

"Na mwezi wa saba?"

"Ndani kuna kifaa cha stima, kinalisaidia jua."

"Na stima ikipotea?"

"Maji ya jana bado yatakuwa moto. Hili tangi halipotezi joto. Sasa hivi lina maji ya moto ndani. Weka mkono."

Nikaweka mkono. Kwa nje lilikuwa baridi kama pua ya mbwa.

"Joto lote liko ndani?" nikamwuliza.

"Lote, Cucu. Hakuna hata kidogo linalotoka."

"Na mtu aliye nje?"

Kijana akamtazama Wawira. Wawira akatazama mlango.

"Mtu wa nje ataoga," kijana akasema.

Nikazunguka duka lote nikigusa kila kitu. Nikaanza kuona kwamba uzuri wa hivi vitu vyote ni huo mmoja. Kila kimoja kinasifiwa kwa kutotoa joto kwa mtu. Ile boila ya Nyaga ilikuwa inavuja joto kila upande, kwa ukuta, kwa benchi, kwa paka, kwa nguo zilizoanikwa juu yake, na kumbe huo ndio ulikuwa ubaya wake. Nikauliza kama kuna boila mpya ya kuni. Kijana akasema zipo, nzuri kuliko za zamani, zimefungwa nguo nene ndani ya chuma ili joto lisipotee. Hata hiyo.

Njiani kurudi Wawira akaniuliza, "Mama, umependa gani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Umeuliza maswali mengi lakini sijaelewa unatafuta nini." Na mimi sikuweza kumwambia, kwa sababu ningesema nini? Kwamba natafuta boila ya kupasha ukuta, ili mwanamke mwingine ambaye ana nyumba nzuri kuliko yangu apate mahali pa kuweka kiuno? Mtoto aliyesoma angemletea Igoki ile chupa ya mpira ya maji ya moto, na mambo yangekuwa yamekwisha.

Kwa maana Igoki namjua. Asubuhi ya kwanza baada ya boila kufa alikuja kama kawaida. Akakaa, akaegemea, akasimama tena. Akaweka kiganja kwenye ukuta kama unavyomgusa mtoto kwenye paji la uso.

"Huyu amekufa?" akauliza.

"Amekufa. Kinyua amesema ni kutu."

"Pole," akasema, kama vile amekuja matanga. Akanywa chai yake akiwa amekaa wima. Siku iliyofuata akaja akakaa kidogo, akasema ana kuku wa kuangalia. Halafu akasema kiuno. Halafu hakuja. Nikamtumia mtu, akajibu hana shida, yuko tu. Mnajua huyo "niko tu" ni nani. Igoki si mtu wa kuja kwa watu kukaa bila kazi. Alilelewa na mama yule yule, na kwetu mtu alikwenda kwa jirani na sababu mkononi. Sababu yake ilikuwa kiuno na ukuta. Ukuta umekufa, yeye angekuja kusema amekuja kwa nini? Na mimi nami ningemwambia njoo, angesema nimemwonea huruma, na hapo asingekuja hata siku ya mazishi yangu.

Mwezi wa sita ukaingia na ukungu wake. Wanangu wakawa wanapiga simu, "Mama, umechagua?" Nilikuwa nakaa jikoni naangalia lile benchi, na chai ya watu wawili nimeipika kwa mazoea.

Ndipo siku moja, nikiwapa kuku maji, nikaona kile wanachonywea. Ni kigae cha chungu changu cha zamani. Nikasimama hapo. Lile neno la mama ambalo lilikaa miaka yote bila kazi likasimama mbele yangu. Moto wake haujazima.

Nikamwaga maji ya kuku. Nikakisugua kigae, nikatia majivu, nikachukua fimbo yangu, nikavuka kijito.

Igoki alifungua mlango akiwa amevaa sweta mbili na leso juu yake. Nyumba ilikuwa safi, inang'aa, na baridi ya zile tailisi ilikuwa inapanda kwenye soksi.

"Umebeba nini hicho?" akauliza.

"Kigae."

"Cha nini?"

"Moto wangu umezima."

Akanitazama. Akaangalia kigae, akaangalia aproni yangu.

"Rwamba, una kiberiti kwa mfuko. Nakiona kutoka hapa."

"Kimelowa."

"Kwangu hakuna moto. Kuna huo wa kuzungusha tu."

"Sikuja kuomba wa kuzungusha."

Midomo yake ilikuwa inacheza kama anatafuna kitu. Halafu akasema, kwa sauti ya mama yangu kabisa, "Haya. Moto haunyimwi."

Akatoka nyuma ya nyumba, mbele ya dirisha zuri la jikoni alilolijenga Ireri, akasogeza mawe matatu kwa mguu. Tukaokota vijiti vya mkima, ule mti wa mipakani, na maganda ya makadamia. Maganda hayo yanashika moto vizuri, lakini lazima upulize, na ndipo tulipogundua kwamba kati yetu wawili hakuna meno ya kupulizia. Pumzi ilikuwa inatoka kila upande isipokuwa mbele. Igoki alipuliza mpaka leso ikaanguka. "Angalia chui wawili," akasema. Nilikaa chini kwenye nyasi nikacheka mpaka machozi, na moshi ukasaidia, kwa hivyo hakuna aliyejua machozi gani ni ya nini.

Makaa yalipokuwa tayari aliyachagua mwenyewe. Akasema, "Wewe ukibeba utaanguka kwenye kijito. Leta." Akabeba yeye, na kiuno chake, na mimi nikakinga upepo kwa leso. Tulikuwa tunakimbia, au sisi tulifikiri tunakimbia. Wambeti, jirani yetu, alikuwa kwenye majani chai, akasimama kututazama, na sijui alikwenda kusema nini nyumbani.

Tulifika jikoni kwangu na makaa mekundu, na sasa tukasimama tunatazamana, maana hatukujua tunayapeleka wapi. Igoki akazunguka nyuma, akafungua ule mlango mdogo wa boila, akayamwaga mle ndani.

"Imetoboka," nikamwambia.

"Imetoboka kwa maji. Kwani moto unavuja?"

Kinyua alikuwa ameshafunga maji, tangi lilikuwa tupu. Tukatia vijiti. Moshi ukapanda chimni kama zamani. Chai ya pili ilipokuwa tayari, Igoki aliegemea ukuta, akangoja, akafumba macho.

Jioni hiyo niliwapigia wote watatu simu, Njagi akatuunganisha. Nikasema, "Wekeni hiyo sola juu ya paa, ya maji. Lakini hilo pipa la baba yenu lisiguswe." Njagi akasema, "Mama, hilo tunauza kwa vyuma vikuukuu. Halina maji tena, ni la nini?" Nikamwambia ni la Tata Igoki. Wawira akasema kwa sauti ndogo, "Basi nitaleta kuni zilizopasuliwa tayari. Shoka nitaenda nalo Kaaga." Na amekwenda nalo kweli.

Sasa sola iko juu ya paa na mirija yake. Jikoni kuna kisanduku chenye taa, siku nyingine nyekundu, siku nyingine kijani, na kila mjukuu ananielezea tofauti. Huu ni mwezi wa saba. Njagi anapiga simu, "Mama, maji yako vipi?" Namwambia yanafikiria. Wajukuu wakija wanaingia bafuni wanakaa huko kama bata, wanatoka wanalia yamekwisha, na mimi sijui kama ni jua limekwisha au stima au ni maji. Pengine ningechukua ile ya Mugendi. Pengine ningechukua ile ya kuni yenye nguo ndani. Bado nikipita Embu nachungulia lile duka, na bado sijui kama nilichagua vizuri, au kama nilichagua kabisa. Mkijua nyinyi, niambieni.

Lakini nawaza hivi, wenzangu. Zamani kijiji kizima kilikuwa na moto mmoja uliokuwa unatembea kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na maji ya moto yakionekana tulikimbilia huko na uji. Siku hizi kila nyumba ina joto lake, limefungiwa ndani ya tangi ambalo kwa nje ni baridi, na hakuna anayekosa, kwa hivyo hakuna anayekuja kuomba. Watoto wetu wametutafutia raha, Mungu awabariki, na raha yenyewe imetukalisha kila mtu kwake.

Asubuhi ya leo Igoki alipokuwa anainuka kwenda, aliona kigae nimekitundika msumarini karibu na mlango. Akasema, "Usikirudishie kuku." Akavuka kijito akaenda zake. Nimefukia makaa sasa hivi, lakini sikuyafunika vizuri. Kesho yatakuwa yamekufa, na mtu itabidi avuke kijito.